Siku Mshenga Alipokuja Bustanini

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Tumetoka hivyo hivyo.

Rehema karudi kazini asubuhi, macho mekundu, kanywa chai kwa kusimama, kalala. Mke wangu ni nesi wa zamu za usiku, na nesi wa usiku mchana hana. Kazi yangu ni kuhakikisha nyumba iko kimya. Watoto wawili kwenye flati ya vyumba viwili hawanyamazi hata uwahonge, kwa hiyo nje. Tunu na buti zake za njano, Sefu kwenye kigari chini ya plastiki. Tumepitia kila dimbwi lililo kati ya hapa na bustani. Tunu hawezi kuruka moja akaliacha jingine, anaona ni kulionea.

Mti mkubwa wa karibu na geti umeanza kumwaga konka. Ndivyo Tunu anavyoziita zile mbegu za kahawia, zinang'aa kama kiatu kilichopigwa dawa. Haziliwi, hazina kazi yoyote. Kajaza mifuko mpaka suruali inashuka. Bado hajatimiza miaka minne na tayari ana mali kunishinda.

Nimempiga picha akiwa na utajiri wake. Nimemtumia mama yake aione akiamka.

Jioni shemeji Bakari kapiga simu. Kaka mkubwa wa Rehema, anakaa Croydon, hapa hapa London, anaongea kama mtu aliyekwishaamua. Kanitafutia kazi kwenye ghala lao, zamu za usiku, wiki nzima kasoro Jumapili. Watoto je? Hilo naye kaliwazia: Desemba wapelekwe Tanga kwa bibi yao, wakae huko mpaka "mjipange". Nikamwambia sisi tumejipanga zamani. Kacheka. Kicheko chenyewe sikukipenda hata kidogo.

Hawaendi Tanga. Naandika hapa ili nisije nikajifanya sikusema.

Jumatano, 8 Oktoba

Kinyozi, Peckham. Nimekwenda na wote wawili. Sina pa kuwaacha, na sioni aibu.

Kuna jamaa pale mchana kutwa kazi yao ni kukalia viti vya wateja. Mmoja, Mtanzania mwenzangu kabisa, kaanza. Baba Tunu, leo nani kapika? Mimi. Nani kafua? Mimi. Na hizo nywele za binti? Nikamwambia mimi, tena sogea karibu, tazama mistari ilivyonyooka. Kacheka mpaka kashika ukuta. Hilo limbwata la London, kasema, halitoki kwa kuoga. Kisha kalitoa lile neno. Marioo, mwanamume wa kulishwa na mkewe. Mbele ya wanangu.

Nimenyoa, nimelipa. Mlangoni nikageuka nikamuuliza mwanawe wa kwanza anavaa kiatu namba ngapi. Kakodoa macho. Nikasukuma kigari changu nikaondoka.

Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha mikate. Sefu alipozaliwa tulikaa chini, mimi na Rehema: mmoja lazima abaki na watoto. Yeye ana taaluma, mimi nina mikono tu. Nikabaki. Nilidhani ni mwaka mmoja kisha basi. Sasa hata wakinipa kiwanda chenyewe sikitaki.

Hasira nimezimalizia bustanini. Wafagiaji walikuwa wamekusanya majani, lundo linafika kifuani kwa Tunu. Tunu karuka. Kisha kanitazama. Nami nikaruka, mtu mzima na ndevu zangu zilizochongwa sasa hivi. Sefu kapiga makofi mpaka kofia ikamwanguka. Mfagiaji katuona, katikisa kichwa, kaondoka na reki yake. Nywele zimejaa uchafu, na ndiyo kwanza nimetoka kunyoa.

Picha nimetuma. Rehema kaiona, tiki za bluu zile pale. Kimya. Zamani alikuwa ananirudishia vimoyo vyekundu mpaka nachoka. Hizi shifti zinammaliza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Rehema leo yuko mapumziko. Kataka kumwogesha Sefu mwenyewe. Sefu kalia tangu maji ya kwanza, kanyoosha mikono juu ya bega la mama yake, ananitaka mimi. Nimempokea. Kanyamaza palepale, kama bomba lililofungwa.

Nimejisikia mkubwa. Kwa nini nifiche? Kumbe kuna kitu nakiweza duniani kuliko mtu mwingine yeyote.

Baadaye Rehema kachukua kitana amsuke Tunu. Tunu kafunika kichwa kwa mikono miwili, kasema kwa Kiingereza chake kwamba nywele ni za baba. Nikacheka. Rehema kaweka kitana mezani, kaenda kukunja nguo chumbani. Kachoka, masikini.

Jumapili, 12 Oktoba

Haya, sasa wamenifikia.

Mzee Kombo kapiga simu kutoka Tooting. Mzee Kombo ndiye mshenga wangu. Wazee wangu wako Tanga, kwa hiyo yeye ndiye aliyevaa kanzu akapeleka barua yangu ya posa kwa Bakari, akakaa pale akasemwa kwa niaba yangu, akarudi na jibu. Toka siku ya harusi tunaonana Idi kwa Idi. Mshenga akikupigia katikati ya mwezi bila Idi, ujue ndoa yako iko mezani.

Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, watoto hawajambo? Hawajambo. Nataka tuonane. Kuna nini? Nimeitwa, kasema, na mshenga akiitwa huitika. Mengine si ya simu.

Kaitwa! Na nani kama si Bakari? Kaona mimi simsikilizi, kaenda kumtafuta mtu ambaye siwezi kumkatia simu. Ujanja wa kizee kabisa. Nimemwambia Mzee Kombo kwa adabu zote kwamba wiki hii nina shughuli nyingi. Kauliza shughuli gani. Nimesema majani yanapukutika, mzee, yakiisha yameisha.

 Kasema atapiga tena.

Nilipokata simu Rehema alikuwa mlangoni, kavaa sare tayari kwa kazi. Kauliza nani huyo. Nikamwambia Mzee Kombo, kaka yako kamtuma aje anitie kazini kwa nguvu. Kafungua mdomo. Kaufunga. Kasema atachelewa basi.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo tumevuka mipaka. Nimemchukua Tunu chekechea, tukaingia treni mpaka Croydon. Tumepita mbele ya jengo lile la uhamiaji ambalo kila mgeni wa nchi hii kashawahi kulipangia foleni na bahasha mkononi. Tumepita tunakula ndizi. Tukapanda tramu mpaka mwisho wa reli, kule kwenye msitu.

Msitu mzima wa njano. Kwetu Tanga, kule Amani, kuna msitu, lakini ule ni kijani Januari mpaka Desemba, hauna habari na mtu. Huu unaanguka mbele ya macho yako. Tunu kauliza miti inaumwa? Nikamwambia inavua nguo ikalale. Kaniuliza mbona inavua nguo kwenye baridi. Nikamvuta kofia ifunike masikio.

Kisha Sefu. Yule bwana hajawahi kusema zaidi ya baba, na kulia. Kaokota jani, kalitazama pande zote mbili, kanionyesha, kasema: jani. Safi kabisa, kama mtangazaji wa redio. Nimepiga yowe, mbwa wa watu wakabweka. Nimemrekodi akirudia. Nimemtumia mama yake.

Jioni, kabla ya kwenda kazini, Rehema kapiga magoti mbele ya kiti cha Sefu na jani mkononi. Sema jani, mwanangu. Sema jani. Sefu kamtazama tu. Kapiga magoti pale muda mrefu. Nikamwambia jaribu kumwonyesha hivi, ukiligeuza. Kaniwekea jani mkononi mwangu, kachukua mkoba wake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mji umejaa maboga, sikukuu yao ya mizimu inakaribia. Kila duka limeyapanga mlangoni. Tunu kalitaka moja la kuchonga macho na meno, wenzake wote wanalo. Nimeuliza dukani: na nyama ya ndani mnafanyia nini? Mwenye duka kasema watu wanatupa. Wanatupa! Boga zima! Nimemwambia Tunu tutachonga, sawa, lakini kwanza tunakula. Sisi si watu wa kutupa boga wakati wa baridi.

Nimepika kwa nazi na iliki kama anavyopika mama. Lahaula. Haya maboga yao si ya kula, ni maji yaliyovaa ganda. Limekuwa uji. Nimekula sahani yangu na ya Tunu kwa ubishi tu. Ganda limechongwa, lipo dirishani, jino moja limevunjika, linafanana na yule jamaa wa kinyozi.

Rehema nilimwekea bakuli, nikafunika. Kaamka, kaonja, katazama lile boga dirishani. Kasema mngeniamsha nikachonga nanyi.

Nimwamshe mtu aliyetoka kazini alfajiri? Sina roho hiyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mzee Kombo tena. Safari hii hakuuliza nina nafasi lini, kasema Jumamosi ijayo anakuja, na Bakari anakuja naye. Nikasema karibuni. Ila kikao cha sebuleni sifanyi, Rehema anakuwa kalala. Anayenitaka Jumamosi asubuhi anikute ninapokuwa Jumamosi asubuhi. Bustanini, karibu na bembea. Na aje na viatu vya matope.

Kaguna. Kasema maishani mwake hajawahi kwenda kwenye usuluhishi wa ndoa kwenye bembea. Nikamjibu kila jambo lina siku yake ya kwanza, mzee wangu.

Wiki nzima nitapanga maneno. Waje.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wamekuja.

Jua kali, baridi kali. Mzee Kombo na koti refu na kofia yake ya kiua, fimbo mkononi. Bakari na suti, viatu vimechongoka mbele, vyeusi, vinameta. Nilisema kuhusu viatu. Shauri yake.

Hakukuwa na kukaa. Sefu haruhusu mtu kukaa. Kwa hiyo kikao kimefanyika kwa miguu: mimi mbele na kigari, Mzee Kombo ubavuni, Bakari nyuma anakwepa matope na kutoa hotuba. Heshima ya mwanamume. Dada yake anavyokonda. Watu wanavyosema. Kuna jina unaitwa Peckham, shemeji, mimi siwezi kulitamka mbele ya mzee. Nikamtamkia mimi. Marioo, si ndilo? Mwanamke mmoja na mbwa wake katupisha njia.

Nikasimama. Nikasema yote niliyoyapanga na mengine ambayo sikuyapanga. Kwamba hawa watoto nawajua harufu. Kwamba najua Tunu anaogopa sauti ya mashine ya kukaushia mikono na Sefu halali mpaka umshike sikio. Kwamba Tanga ni kwetu na napapenda, lakini mama yangu goti linamuuma na hajaomba kuletewa watoto wa kulea. Kwamba kazi ya ghalani ampe yule wa kinyozi, anazo nguvu za kucheka, atabeba maboksi. Kwamba mimi sitoki. Sauti ilipanda. Tunu kaja kunishika mguu.

Yule mbwa kachagua wakati huo huo kujikung'uta. Suruali yote ya Bakari. Tunu kacheka, na mimi pia, Mungu anisamehe.

Mzee Kombo hajacheka. Kamwambia Bakari: shemeji wa watu, hebu wasukume watoto bembea, nina neno na huyu. Na Bakari, suti na matope na nywele za mbwa, kaenda kusukuma. Huwezi kumkatalia mshenga, hata yeye.

Tukakaa benchi. Tunu alikuwa kampa mzee konka moja, naye akawa anaizungusha mkononi.

Kaniuliza: unadhani kaniita Bakari?

Nikasema, nani mwingine.

Kasema, Bakari kaja kwa sababu kasikia kuna kikao, yeye vikao anavipenda. Wewe umeoa kwa barua na mshenga. Hebu niambie, mshenga anaitwa na nani?

Nikasema anaitwa na mume au na mke.

Wewe umeniita?

Hapana.

Basi.  Kaniacha nifike mwenyewe. Kule kwenye bembea Sefu alikuwa anapiga kelele za furaha na Bakari anamwambia polepole, polepole.

Rehema kampigia simu tangu mwanzoni mwa mwezi. Kalia kwenye simu. Mzee kasema hakusema wewe ni mbaya, hakusema marioo, hakusema Tanga. Kasema umejaa. Umejaa nyumba nzima, yeye hana pa kukaa. Kasema anazipata habari za wanawe kwa picha, kama shangazi wa mbali. Anataka kupunguza shifti mbili. Anataka wewe ufanye kazi hizo siku mbili. Na siku hizo watoto wawe wake.

Nikasema sawa, tutatoka wote wanne, vizuri zaidi. Mzee katikisa kichwa. Kasema hilo kalikataa. Ukiwepo wanakukimbilia wewe. Anataka usiwepo.

Usiwepo. Nilikuja na maneno ya kutosha wanaume wote wa Peckham. Nikainuka nikaenda kumshusha Sefu kwenye bembea.

Tukarudi. Mzee Kombo konka kaitia mfukoni, kaondoka nayo.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, desturi ya hapa baridi ikikaribia. Watoto hawajaambiwa. Wameamka kiza.

Nina hasira. Siyo kidogo. Kwa nini hakuniambia mimi? Tunalala kitanda kimoja, ingawa kwa zamu. Kaenda kumwambia mzee wa Tooting. Najua ndivyo inavyofanywa, mke huenda kwa mshenga, hata mama yangu alikwenda. Lakini hii ni London na mimi ni mimi.

Na nimelea! Wengine wanaacha watoto mbele ya televisheni. Mimi nimewatoa nje kwenye mvua na jua, nimesuka, nimepika, nimeitwa majina. Zawadi yangu ndiyo hii. Usiwepo.

Siendi ghalani. Basi.

Rehema yupo nyumbani na mimi sijasema naye ila chumvi iko wapi.

Jumatano, 29 Oktoba

Chekechea imefungwa wiki hii. Mvua, safari hii ya kweli, hata mimi nimesalimu amri. Wote wanne ndani. Watoto wamelala mchana, na mimi na Rehema tumebaki jikoni na sinia la mchele wa kuchambua.

Kaanza yeye. Baba Tunu, picha zako zinaniua.

Kasema anazifungua wakati wa chai, anawaonyesha wenzake wodini, wanasema watoto wazuri hao, halafu anaingia chumba cha mashuka, anasimama humo mpaka awe sawa. Lile jani karudia kulisikiliza mpaka simu ikazima.

Nikamwambia ungesema. Kasema nilisema. Kila nikimshika Sefu mikono yako iko hewani tayari. Kila nikifanya kitu unanionyesha kinavyofanywa. Nikimvalisha unakuja kumvua.

Nikasema huo ni uongo. Nimekasirika kweli, nilipiga meza, mchele ukaruka. Nikamwambia mimi watu wamenitukana kwa ajili ya nyumba hii. Kajibu, najua, nami huwajibu wote wanaokutukana, wewe hujui tu. Na Tanga hawaendi, hilo nimemwambia kaka yangu jana, kakata simu, atanuna mpaka Idi. Hilo tuko pamoja. Mimi siongei habari ya Bakari. Naongea habari yangu.

Hapo Sefu kalia chumbani. Sauti ile ya kuamka, si ya kuumia.

Nilikuwa nimefika mlangoni kabla sijajua nimesimama. Nikageuka. Rehema alikuwa nusu kwenye kiti, mkono mezani, ananitazama.  

Nikakaa chini. Kitu kigumu sana. Sefu kalia zaidi, kaita baba, kaita baba. Rehema kaenda. Nimeshika ukingo wa meza na kuchambua mchele ambao tayari ni safi. Alichukua muda mrefu mno kunyamaza, mrefu kuliko ningechukua mimi. Lakini kanyamaza.

Jumapili, 2 Novemba

Nimempigia Bakari. Nimemwambia nitafanya siku mbili, za mchana, Jumanne na Jumamosi, si usiku na si wiki nzima, na asiniambie neno lolote. Kaniambia neno. Nimekata simu.

Naingia kwa sababu Rehema kataka, siyo kwa sababu ya suti wala kinyozi. Siku zilizobaki ni zangu na nitazitumia zote, mvua inyeshe isinyeshe. Nywele za Tunu tumegawana: upande wangu, upande wake. Upande wake umepinda. Tunu kajitazama kwenye kioo, kasema kapenda.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya kwanza ghalani. Mgongo. Rehema hakutuma picha, na mimi sikuuliza. Nimerudi nimekuta wote watatu wamelala kwenye kochi na buti zao. Kochi lote matope.

Nimesafisha. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeondoka wakati wanavaa. Rehema alikuwa anamvalisha Tunu buti, ya kulia mguu wa kushoto. Niliona vizuri kabisa. Nikafunga zipu ya koti langu, nikasema kwaherini. Sefu kalia, nikamsikia mpaka lifti ilipofunga mlango.

Chini nikageuka kutazama dirishani. Hakuna mtu. Lile boga limeanza kuzama upande mmoja.

Ghalani leo maboksi ya mapambo ya Krismasi, mepesi lakini mengi. Natazama saa, nawaza sasa wamefika getini, sasa wako kwenye ule mti wa konka, ingawa konka zimekwisha, Rehema hajui kwamba zimekwisha. Angeniuliza ningemwambia.

Mapumziko. Mkate wangu na chai ya mashine. Simu ikaita mlio wa ujumbe.

Video. Mti siujui. Si wa bustani yetu, au uko upande ambao sijawahi kwenda, mkubwa, majani mekundu kabisa, mekundu ya damu. Tunu anakimbia chini yake na buti zimegeuka kama alivyovalishwa, hajali. Sefu kasimama katikati. Mkono wa Rehema unammwagia majani kichwani, fungu zima. Sefu anatikisa kichwa, anatazama juu, siyo kwangu, kwa aliyeshika simu. Anasema: tena.

Neno hilo sijawahi kulisikia kwake.

Nimelirudia. Nimelirudia tena, chai ikapoa. Nikaandika: buti za Tunu ziko mguu siyo. Nikafuta. Nikaandika: mfunike Sefu masikio. Nikafuta. Jamaa aliyekaa nami meza moja kauliza kama ni wanangu. Nikamwambia ni wangu, na huo mkono ni wa mama yao.

Mwisho nikaandika: huo mti uko wapi?

Kajibu haraka. Hatusemi.

Kengele ikalia, nikarudi kwenye maboksi.